Barua ya Mlehemu

Nimefundisha madrasa hapa Kashaulili, mjini Mpanda, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na namshukuru Mungu aliyenipa hati nzuri. Watu huja kuandikiwa barua: ya posa, ya malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, ya kumjulia hali ndugu aliyenyamaza. Siku zote nilijiambia kwamba naandika kwa ajili ya Mungu. Barua moja ilinionyesha nilikuwa nikiandika kwa ajili ya nani.

Aliyeitaka alikuwa fundi wa Misunkumilo, Msukuma ambaye wazazi wake waliingia Katavi na ng'ombe. Ng'ombe waliisha, yeye akajifunza kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha chini ya bati mbili zilizoegemezwa ukutani, na kinga ya macho yake ilikuwa miwani ya jua ya sokoni.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba, fundi. Karibu."

"Nataka balua."

Mkandarasi mmoja alikuwa anajenga maghala ya mahindi nje ya mji na alitafuta mafundi wa kuunga kenchi za chuma, zile fremu za kubebea paa. Nilidhani fundi angezungumzia mshahara. Hakuutaja.

"Wanatoa kofia za uso, Maalimu. Zile zenyewe, zenye kioo cheusi. Mke wangu amechoka kunikatia viazi."

Akanieleza kwamba kila baada ya kazi kubwa macho yake huwa kama yametiwa mchanga, na mkewe humwekea vipande vya viazi vibichi juu ya kope. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kumdanganya. Akitazama mlango mmoja anaona miwili.

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika mimi ni fundi wa kuchomelea. Miaka kumi na miwili. Basi."

Maneno hayo yalitosha. Mtu yeyote wa Mpanda angeyaelewa. Lakini mimi nina maneno mengi, na mwenye maneno mengi huona haya kutoa machache. Nikamwambia kuchomelea ni neno la vijiweni, na kwamba Kiswahili kina neno la heshima, kulehemu, na afanyaye kazi hiyo ni mlehemu. Nikaandika kwa wino wa bluu: "Mimi ni mlehemu mwenye uzoefu wa miaka kumi na miwili." Nikamsomea mara mbili. Akatabasamu.

"Kumbe kazi yangu ina jina zuri hivyo?"

Mkandarasi alitaka barua iliyochapwa, hivyo fundi akaipeleka kwenye duka la steshenari. Yaliyotokea pale niliyapata baadaye kwa binti anayechapa. Alikuwa hajawahi kuliona neno lile. Akamuuliza mwenye barua, "Hapa ni marehemu?" Fundi, ambaye ulimi wake wa nyumbani hauna *r*, hakusikia tofauti yoyote. Akajibu, "Eeh, hilo hilo, malehemu. Ndivyo alivyoandika Maalimu." Binti akachapa marehemu.

"Nilijua ni makosa ya kwenu," aliniambia bila haya. "Nyie wazee wa huku mnachanganya *l* na *r*. Nikakurekebishia."

Fundi akapita kwangu na bahasha, akaniuliza kama ningependa kuitazama kabla haijafungwa. Nikamwambia niliyoandika nayajua. Alhamdulillahi kwa kila jambo, hata kwa sentensi hiyo, ambayo ningelipa chochote nisiwe nimeisema.

Siku ya usaili, kama nilivyokuja kusimuliwa, walikaa mafundi wanane kwenye benchi nje ya kontena la ofisi. Msimamizi akatoka na karatasi mkononi, uso umemvimba kwa kicheko anachokizuia.

"Nani hapa ni marehemu?"

Fundi akanyoosha mkono. Alikuwa amelikariri jina lile zuri njia nzima.

"Mimi hapa, bosi."

Benchi likatikisika. Msimamizi akakunja uso kama hakimu.

"Umekuwa marehemu kwa muda gani?"

"Miaka kumi na miwili, bosi."

"Na huko ulikotoka, kazi zipo?"

"Zipo, ila vifaa hakuna."

Wakacheka mpaka mmoja akateleza kwenye benchi. Wakamuuliza kama mkewe amemaliza eda, kama amekuja na sanda yake au apewe ya kampuni. Alijibu maswali kadhaa kwa adabu kabla ya kuelewa. Kisha akaomba karatasi yake. Msimamizi akamwambia hiyo inabandikwa ukutani.

Jina lilifika mjini kabla yake. Kwenye bomba la maji mkewe aliitwa mjane, na wanawake wakampisha kwenye foleni kwa huzuni ya uongo. Lililonichoma zaidi nilisikia kwa masikio yangu sokoni. Fundi alipita na vyuma begani, na muuza vitunguu mmoja, ninayesali naye safu moja, akasema kwa sauti nzito, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Watu wakaangua kicheko. Maneno hayo ya msibani nilimfundisha mimi akiwa na miaka saba.

Nikaenda kwa msimamizi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema "shikamoo mzee" mara mbili. Nikamweleza kosa lote, na kwamba mwenye dhambi ni mimi. Nikamwambia pia kwamba marehemu maana yake ni aliyerehemewa, si neno la kuchekea.

"Mzee, nimekuelewa. Na kusema kweli tulimjaribu siku ileile, tukicheka. Mshono wake wa chuma ulikuwa mzuri kuliko wa wote."

"Basi mchukue."

Akatikisa kichwa. Sasa hakuwa anacheka.

"Kenchi zangu ziko juu sana, mzee. Vijana wote wanamwita Marehemu, na siwezi kuwazuia. Siku akiteleza akaanguka, watasema tulimwandika mapema. Nafasi nimeshampa mwingine. Namtakia heri, ila hapa hapandi."

Nilikwenda Misunkumilo asubuhi iliyofuata, nikiwa nimepanga maneno. Fundi alikuwa ameinama juu ya geti. Nikamweleza nilikotoka na nilichoambiwa, hata habari ya mshono, kwa kuwa niliona si haki kumficha. Nikamwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mshono wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wote."

"Ndivyo alivyosema."

"Na kofia?"

Nikasema nitamwombea kwa Mungu.

"Maalimu," akasema, "mimi nilikupa maneno yangu. Yalikuwa machache. Ungeyaandika."

Mafundi wa kuchomelea wana adabu yao: kabla ya kugusisha chuma humwambia aliye karibu, "Macho!", naye hugeuka. Fundi akavaa miwani yake ya sokoni, akashika kazi yake. Neno hilo hakuniambia. Mwanga ukalipuka mbele yangu, mweupe kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, nami nikabaki nimeutazama, kwa sababu kugeuka kungekuwa kama kumwambia kwamba macho yangu ni bora kuliko yake.

Ilipofika magharibi mchanga ulikuwa umenijaa machoni. Niliswalisha nikitiririkwa na machozi hadi ndevuni. Tulipotoa salamu, muuza vitunguu akasogea, akanishika mkono kwa heshima kubwa, akasema kwamba hajawahi kuona imamu akilia kwa hofu ya Mungu namna ile.

Nikamwambia si hofu ya Mungu. Nilimtazama fundi akichomelea.

"Ah, Maalimu!" akacheka. "Hata mtoto anajua ule moto hautazamwi."