Majivu ya Mzee Engelbert

Roswitha Pichlbauer hakutaka kabisa kwenda kwa baba yake na kile kipimo chake cha moshi. Miaka kumi na moja alikuwa akisafisha na kupima dohani za bonde zima, lakini nyumba ya mzee huyo, Engelbert, siku zote alimwachia mwenzake, Horst. Januari hii Horst aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu, zamu ikamwangukia yeye.

Toka asubuhi hakutulia. Nyumba ya kwanza alisahau glavu, ya pili akamwaga kahawa aliyokaribishwa. Alipofika kwa baba yake, ukungu ulikuwa umelala bondeni, na moshi wa dohani ile, badala ya kupanda, uliteremkia paa la jirani. Moshi mzito, wa kijivu. Naye Engelbert ndiye aliyewahubiria watu waache mafuta, wachome peleti, vile vipande vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. "Moto safi!" aliwaambia hata mlangoni pa kanisa.

"Umekuja kunikagua?" alimpokea. "Karibu, Bi Serikali."

"Baba, nipishe nimalize."

Akachomeka ncha ya kipimo kwenye bomba la boila, lile tanuri la kupasha nyumba joto. Namba za gesi ya sumu zikapanda, zikapita kiwango, zikazidi kupanda. Akapima tena. Mara ya tatu, vilevile.

"Kidude chako kibovu," mzee alisema.

"Kimepima nyumba nne leo."

"Basi andika namba ya mwaka jana. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kifua cha Bi Hötzl hapo jirani kinajua. Mchana kutwa madirisha kafunga."

Roswitha akazima boila, akatoka nje, akaizunguka nyumba mara mbili, kalamu mkononi. Akiandika, kijiji kizima kitamcheka baba yake. Asipoandika, atamtazamaje Bi Hötzl? Akarudi ndani, akaandika alichokiona.

Boila lilipopoa akapiga magoti, akafungua chumba cha moto. Majivu yalikuwa yameganda kama mawe, na matundu ya hewa karibu yote yamezibwa.

"Mbona hujasafisha tangu vuli?"

Mzee akageuka.

"Baba?"

"Nikipiga magoti siinuki," mzee alisema, macho ukutani. "Mara ya mwisho nilikaa hapo sakafuni saa nzima. Nimwambie nani? Mngenipeleka nyumba ya wazee."

Roswitha akachukua chuma cha kukwangulia, akabandua yale mabonge mpaka vidole vikafa ganzi. Wakawasha. Nusu saa baadaye namba zilishuka chini ya kiwango. Akaandika na namba hiyo, chini ya ile ya kwanza.

"Ile ya kwanza ungeifuta," mzee alinung'unika.

"Siifuti. Ila kila Jumamosi nitakuja kutoa majivu."

"Jumamosi nacheza karata."

"Ijumaa, basi."

"Uje bila hayo manguo meusi ya kazi. Watu watadhani nimefeli tena."

Akaondoka. Lakini njiani ile saa nzima haikumtoka kichwani: baba peke yake chini, hakuna aliyempigia simu. Kabla ya nyumba ya sita alisimamisha gari kando, akampigia.

"Nini tena?" mzee alifoka.

"Hamna. Umekaa kwenye kiti?"

"Nimekaa."

Hakumwamini. Akageuza gari.