Kupe wa Sikio la Kushoto

Enzi zetu hapa Kalemie, Jumamosi ilinuka petroli na mbwa. Papa alikuwa akirudi mchana kutoka kazini kwenye reli, anaketi barazani, anatuita mimi na kaka yangu Mulongo: "Leteni Kapita!" Kapita ndiye mbwa wetu: mwekundu, mvivu, mwizi wa ndagala, yaani dagaa, alizoanika Mama. Tulimlaza mkekani tukampekua kwa vidole, shingoni, kwapani, katikati ya kucha, na kila kupe akatumbukia kwenye mkebe wa tomati wenye petroli. "Polepole, mutoto," Papa alisema. "Haka kadudu kanauwa imbwa muzima." Kapita mwenyewe alikuwa akikoroma kama mzee wa kanisa wakati wa mahubiri.

Aliyemtoa kupe mnene kuliko wote alikula kichwa cha samaki kuhe jioni. Jamani, kichwa cha kuhe! Watoto wa leo wanakisukuma pembeni ya sahani, eti kina macho.

Basi Jumapili moja nikamwona kupe mdogo ndani ya sikio la kushoto. Nikamwacha. Nilitaka anenepe hadi Jumamosi. Kila siku nilichungulia, nikafurahi, nikalifunika sikio.

Jumamosi nilishinda. Nilikula kichwa chote na macho yake, Mulongo ananitazama.

Haikupita muda, Kapita akakataa hata ndagala. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai, fizi zimekuwa nyeupe. Papa alimpapasa kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani alipitisha mukono mu sikio?" Nikakimbilia jikoni. Mama alikoroga uji, nikamnywesha Kapita kwa kijiko huku nalia: "Kunywa, Kapita, nakuomba." Alilamba vidole vyangu tu. Tulimzika nyuma ya jiko, na Papa alifariki kabla sijamwambia habari ya kupe yule.

Leo mjukuu wangu Neema, simu mkono mmoja, anamdondoshea mbwa wake dawa ya kupe ya veterineri shingoni. Matone machache, kazi ya mwezi mzima imekwisha. Namtania: "Ninyi hamujue hata sura ya kupe!"

Anacheka. "Sasa Nkambo, si njo muzuri?"

Ni vizuri, mwanangu. Nazitamani Jumamosi zile, bega la Papa karibu na langu, kichwa kizito cha Kapita mapajani mwangu. Lakini ningezitoa zote kama wakati ule tungepata matone yale.

Neema akishaingia ndani, namwita mbwa wake taratibu, nampitishia kidole kwenye sikio la kushoto. Hakuna kitu. Naangalia tena.