Nyasi za Kwenye Bikoni

Harufu ya nyasi mbichi zilizofyekwa, ikichanganyika na togwa iliyoanza kuchachuka kwenye ndoo, ndiyo iliyokuwa ikinitangazia mwezi wa sita huko kwetu Ibaba, milimani Ileje. Mvua zilikuwa zimekatika, baridi inang'ata masikio, na vijiji viwili vilivyotunza msitu mmoja, chetu na cha ng'ambo ya bonde, vilitoka kufyeka barabara ya moto, yaani ule ukanda uliozunguka msitu na kusafishwa mpaka udongo uonekane, ili moto wa mashambani ukifika pale ukose cha kula. Tulikuwa na utaratibu ambao mgeni angeuona wa ajabu: sisi tulifyeka upande wao, wao wakafyeka wetu. Nilipomuuliza baba sababu, alicheka. "Mwanangu, kwako usipofagia nani atakusema? Ila ukifagia kwa wakwe zako, utafika hadi uvunguni." Mimi na mama tulibeba togwa na viazi vya kuchemsha, na jioni tulirudi tukiimba, watu wazima wakitaniana kuhusu nani amefyeka kama anayemnyoa mgonjwa.

Kisha ardhi ya vijiji ikapimwa. Bikoni ya zege ya kuonyesha mpaka ikasimikwa karibu na chemchemi, na chemchemi ile tuliyokuwa tukichota wote ikaanza kuwa na mwenyewe. Wao walisema ni yao, sisi tukasema ni yetu. Ng'ombe wakafukuzwa, salamu zikapungua, kikao kikaishia kwenye kurushiana maneno. Mwaka ule kila kijiji kikafyeka upande wake. Nilikuwa darasa la nne, nikaenda na baba. Alifyeka hadi akaikaribia bikoni, akasimama. Nyasi zilikuwa zimenipita kimo. "Hapa tuache," alisema. "Nikigusa, watasema nasogeza mpaka." Wa ng'ambo nao walikuwa wameishia kwa mbali, bila shaka kwa hofu hiyo hiyo. Katikati pakabaki nyasi kavu, ukubwa wa darasa moja hivi, kila upande ukiziogopa.

Moto ulikuja mwezi wa kumi, adhuhuri, kutoka shamba la mtu aliyekuwa akichoma mabua. Ulipofika kwenye barabara ya moto ulipungua, watu wakashangilia. Kisha ukazipata nyasi za kwenye bikoni. Baba alikimbilia pale na tawi bichi la kupigia moto. Upepo ukageuka. Waliomleta nyumbani, wamembeba kwenye blanketi, walikuwa wanaume wa ng'ambo, wale wale tuliokuwa hatusalimiani nao, na walikuwa wakilia kwa sauti. Namkumbuka mama akiwapa maji ya kunywa kabla yeye mwenyewe hajakaa chini kulia. Uchungu wa siku ile sijauona tena popote, na naomba nisiuone. Msitu uliungua karibu wote, na chemchemi tuliyoigombania ikakauka mwaka uliofuata.

Siku hizi naishi mji mdogo wa Mpemba, nauza mahindi na maharage kando ya barabara kuu, na nyumbani kule milimani nakwenda mara chache. Mwaka jana nilikwenda kumsindikiza mama kwenye mkutano wa vijiji vyote viwili. Sasa wana kamati ya pamoja, doria wanafanya pamoja, miche imepandwa, na maji yameanza kutoka kidogo kidogo. Ni jambo jema, sikatai. Watoto wa sasa wanacheza na wenzao wa ng'ambo bila kujua kwamba kuna wakati tulinuniana. Mwenyekiti alisimama akasoma makubaliano: kuanzia mwaka huo, kila kijiji kitafyeka upande wa mwenzake, na penye bikoni watafyeka wote. Makofi yakapigwa, na vigelegele juu. Mama, ambaye siku hizi hasikii vizuri, akanivuta kitenge.

"Wamesemaje?"

"Wamekubaliana tufyekeane, mama."

"Kama zamani?"

"Kama zamani."

Aliwatazama watu wakishangilia. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Kumbe iliwezekana," alisema. "Sasa baba yako alifia nini?"