Mtu Aliyengoja Jibu

Mwanzo wa habari hii nimeuandika na kuuchana mara nyingi, kwa sababu kila nikiusoma naona neno lisilokaa mahali pake. Huu nao siupendi. Nitauacha hivyo hivyo.

Nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa nimebeba sinia la kalimati. Baba alikuwa amefariki, mama alibaki Salale na mpunga wake, mimi nililelewa Kibiti na shangazi, ambaye nyumba yake ilipakana na banda la video. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vikinong'onwa tu vilianza kuuzwa hadharani, na katikati ya mitumba na sabuni za rangi ikafika televisheni kutoka Dar, pamoja na jenereta iliyokohoa mchana kutwa. Banda lilionyesha ngumi za Wachina na nyimbo za Wahindi. Ila Ijumaa baada ya swala, ili wazee wasinune, mwenye banda aliweka kila wiki mkanda ule ule wa zamani wa Kimarekani, usio na rangi, wenye watu waliojisitiri.

Humo ndimo alimokuwa yeye, mwigizaji mrefu mwenye nywele zilizolazwa kwa mafuta. Alisimama barazani kwa mwanamke, mvua inamnyeshea mgongoni, kofia ameishika kifuani. Alisema maneno machache, akanyamaza, akamtazama.

Kijana wa kutafsiri, ambaye asipoelewa alitunga, aliinua kipaza sauti. "Anamwambia, bibie, mimi sina shamba wala mashua, lakini ukinikubali sitakusumbua hata kwa kukoroma."

"Muongo huyo," mzee mmoja akasema.

"Sasa mbona amesimama tu kama nguzo?" mwingine akauliza.

"Anangoja ajibiwe," kijana akajibu.

"Angoje nini? Si mwanamke amenyamaza? Amekubali huyo."

"Huko kwao, mzee wangu, kunyamaza siyo kukubali. Ndiyo maana anangoja."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama mlangoni hadi kalimati zikapoa, na shangazi akaniuliza kama nilikuwa nauza au nanunua.

Nilimpenda mtu yule, na sioni njia nzuri zaidi ya kulisema hilo. Sikumpendea sura, ingawa sura alikuwa nayo. Nilimpenda kwa sababu aliuliza, kisha akangoja. Sikuwa nimewahi kuona mtu akimngoja mwanamke amalize kufikiri.

Haukupita muda nikavunja ungo, nikawekwa ndani. Mwali hatoki, hapazi sauti, hamkazii macho mkubwa. Chumba changu kilikuwa upande wa banda, hivyo Ijumaa nilimsikia bila kumwona. Nilikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyokatika kurasa za mwisho, na kwa kamusi hiyo niliyasaka maneno yake moja moja. Mengi sikuyapata. Lakini ule ukimya baada ya swali niliujua urefu wake, kwa kuwa jenereta ndiyo iliyosikika peke yake.

"We mwali," shangazi alisema siku moja alipoingia na uji, "sikio lako utaliacha ukutani?"

"Nasikiliza tu, shangazi."

"Huyo mzungu wako hajaoa tu? Kila Ijumaa yupo barazani kwa watu."

Posa ilikuja nikiwa bado ndani. Aliyeposa alikuwa mnunuzi wa kambamiti, mtu mzima, aliyezunguka vijiji vya delta na masanduku ya barafu. Hakuwa mlevi, alikuwa anaswali, na alimjua marehemu baba. Sikumtaka. Mpaka leo sina sababu inayoweza kusimama mbele ya wazee. Sikumtaka tu, na nilimwambia shangazi.

Shangazi hakukasirika. Alikaa kitandani akanisuka huku akifikiri. "Mahari yameshapokewa," alisema. "Lakini siku ya ndoa baba yako mdogo atakuja kukuuliza, na yeye ni mtu wa dini. Ukisema hutaki, hakuna wa kukulazimisha. Sema siku hiyo."

Basi nikaanza kuitengeneza sentensi yangu. Nilitaka isimwaibishe baba mdogo, isimtie shangazi lawama ya kunilea vibaya, isimtukane mtu aliyekuja kwa heshima. "Simtaki" ilikuwa kali. "Sipo tayari" ilikuwa dhaifu, wangesema watangoja. Nilipunguza, niliongeza, niliisemea kwenye mto. Mwisho nikapata hii: "Baba, nakushukuru kwa kunisimamia, lakini moyo wangu haujaridhia, naomba usinioze." Niliipenda. Nikajifunza pia namna ya kuisema, nayo niliitoa kwa yule mtu wa barazani: kuinua uso, kuvuta pumzi, kunyamaza kidogo ili neno liwe na uzito, kisha kusema.

Siku ilipofika, wanaume walikaa nje kwenye mikeka. Baba mdogo aliingia na mashahidi wawili, wakasimama upande wa pili wa pazia.

"Mwanangu," alisema, akamtaja mtu na mahari yake. "Umeridhia nikuoze?"

Niliinua uso. Nilivuta pumzi. Nikanyamaza kidogo.

"Alhamdulillahi," baba mdogo akasema. "Amenyamaza."

Nilisikia ndara zao zikienda. Hapo ndipo sentensi ilipotoka, yote, bila kukwama, kwa sauti ile ile niliyoizoeza. Nililiambia pazia. Nje vigelegele vilikuwa vimeshaanza.

Shangazi alikuwa ameketi pembeni yangu. Alinishika goti. "Sasa unamwambia nani, mwanangu?"

Nimelirudia jambo hili nikitafuta mahali pa kumlaumu mtu. Baba mdogo alifanya kama dini ilivyomfundisha, kwa mwali ukimya ndio idhini, na hilo nilikuwa nalijua tangu chuoni, nilikosoma Kurani. Nilikuwa nalijua. Lakini kwa Ijumaa nyingi nilikuwa nimeishi upande wa pili wa ukuta, kwa watu wanaongojana, nikasahau niko nyumba gani.

Sasa naishi Salale. Mume wangu hanipigi wala hanitukani. Hapa hakuna banda la video, na uso wa yule mtu umeanza kunipotea. Imebaki kofia, na mvua.

Jana mume wangu alikuwa anaondoka kwenda Kibiti na masanduku yake ya kambamiti. Akiwa anasukuma boti matopeni kati ya mikoko aliniuliza, "Nikuletee nini?"

Nilitaka kamusi, nzima, yenye kurasa zote. Nilikuwa natafuta namna ya kuiomba isionekane kama anasa. Nilipoinua uso, injini ilikuwa imeshawaka, naye alikuwa akinipungia mkono.