Wazungu wa Farasi na Jina Nililompa Ilunga

Mwaka 1974, hapa Kalemie, mzee aliyekuwa analia aligeuka kijana anayecheka mbele yangu. Mchana kweupe. Na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Habari hii sijawahi kuisema yote. Hata mke wangu Léonie ameisikia nusu. Leo naitapika, mnicheke mkitaka.

Mimi ni Félicien. Miaka ile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kwa hiyo kwenye biro, ofisi ya kiwanda cha nguo, nilikokuwa karani, niliitwa tu Citoyen, yaani raia, kama kila mtu. Lakini uani kwangu, mtaa wa Kataki, nilikuwa na cheo. Waliniita Président, rais.

Président wa nini? Wa sahani moja ya muziki!

Mgiriki mmoja alifunga duka akarudi kwao, akauza vitu vyake haraka haraka. Mimi nikapata pikapu, kile chombo cha kupigia sahani za santuri, aina ya kutumia betri. Ndani alikuwa amesahau sahani moja. Kwenye jalada kuna farasi amesimama juu ya maji, mgongoni amebeba nyumba. Jina la wanamuziki lilikuwa la Kiingereza, nani alisome? Tukawaita Wazungu wa Farasi.

Jamani, ule muziki!

Upande mzima wa sahani, wimbo mmoja. Unaanza na kinanda kama cha kanisani, kinapanda, kinashuka, kinanyamaza mpaka unafikiri mambo yamekwisha. Kumbe bado. Linaingia gitaa. Zinaingia ngoma zinazobadilisha hatua kila unapoanza kuzizoea, ukijaribu kucheza miguu inagongana.

Sisi ni watu wa rumba. Mara ya kwanza niliuchukia. Mara ya nne nilikuwa nimekaa chini, machozi yananitoka, sijui nalilia nini.

Basi kila Jumapili baada ya Misa watu wakawa wanakuja uani kusikiliza. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyeongea. Na mimi nikajifanya mfasiri. Kiingereza sijui hata cha kuomba maji, lakini nilieleza!

"Huyu anayeimba ni mzee. Mwanawe amezama ziwani. Sikieni anavyoivuta sauti."

Jirani yetu Mama Hortense, ambaye ziwa lilimchukulia kijana wake kweli, alikuwa analia pale pale kwenye mkeka. Na Léonie, wakati huo bado namtongoza, alikuwa ananitazama kama padri. Kichwa kikavimba.

Sasa niwaambie kuhusu mawe.

Kwetu betri za redio tunaziita mawe. Mwaka ule maduka yalikuwa matupu, mawe mapya ulikuwa unayasikia tu kwa watu. Yakichoka, unayapandisha juu ya bati, jua linayarudishia nguvu kidogo. Yangu sita niliyaanika kila Jumamosi, kama ndagala, dagaa wa ziwa letu. Na pale uani haikupigwa sahani nyingine yoyote. Ningeweka hata rumba moja tu, ningeshtuka. Maringo hayakuniruhusu.

Ilunga alikuwa rafiki yangu tangu shule ya mapadri. Alifanya kazi ya reli, wakamtuma Lubumbashi miezi miwili kujifunza. Jumapili aliyorudi alikuja moja kwa moja uani, akakaa, akasikiliza, akakunja uso.

"Félicien, hii haiko vile."

"Haiko vile namna gani?"

"Kule Lubumbashi nilisikia sahani hii hii, ya farasi. Kwa chef wetu, mkubwa wa kazi, nyumba ya umeme. Inaenda mbio! Na huyu si mzee, ni kijana. Anacheka, ndugu yangu. Huu njo wimbo wa furaha."

Mama Hortense akainua kichwa. Léonie akanitazama, safari hii si kama padri.

Ningeweza kusema, "Kweli? Tuangalie." Maneno mawili tu yangetosha. Lakini mtu akiwa na cheo cha sahani moja, anakilinda kama ufalme.

"Ilunga," nikasema, "weye Lubumbashi ulilala kwenye mabehewa. Nani akukaribishe nyumba ya umeme? Haya simama, tuimbie hiyo ya mbio."

Masikini, akasimama kweli. Aliamini akituonyesha tutaelewa. Akachukua beseni, akapiga ngoma ile kwa vidole, akaimba kwa mdomo, jasho linamtoka. Mimi nikaanza kucheka. Nilipocheka mimi, wote wakacheka.

"Mbiombio!" nikapiga kelele. "Citoyen Mbiombio!"

Akaweka beseni chini polepole. Akasema, "Sawa, Président." Akaenda.

Jina likashika. Sokoni Mbiombio. Stesheni Mbiombio. Fundi wa reli anayeitwa mwongo na watoto wa barabarani! Wazazi wa mchumba wake wakaanza kuuliza, huyu kijana anasema kweli lini? Nilisikia yote hayo. Nikaendelea kufasiri.

Wiki mbili baadaye akaja Pascasie, mama aliyekuwa akivuka ziwa kwenda Kigoma kwa biashara. Akaniletea kifurushi cha gazeti.

"Nimetumwa. Mwenyewe amesema usiulize jina."

Mawe sita. Mapya, yanang'aa! Nikajua tu ni mmoja wa wasikilizaji wangu ananiheshimu. Ilikuwa saa sita mchana, nyumbani hakuna mtu. Nikayatia ndani ya pikapu, nikaweka sindano.

Ndipo mzee akawa kijana.

Kinanda kilikimbia. Ngoma zilikuwa zile zile za beseni, kidole kwa kidole. Na yule aliyefiwa na mwanawe alikuwa anacheka, ndugu zangu, anacheka kabisa. Miezi yote ile haikuwa huzuni ya mtu yeyote. Ni mawe yaliyochoka, yaliyokuwa yanaizungusha sahani polepole.

Nilikaa pale nikasikia joto la aibu linanipanda shingoni. Kwa Ilunga palikuwa dakika kumi kwa miguu.

Sikwenda.

Nilitoa mawe mapya, nikayazika kwenye debe la unga. Nikajidanganya: ni kwa ajili ya Mama Hortense, wimbo huu unamfariji. Uongo mtupu. Ilikuwa kwa ajili yangu. Jumapili nikayaweka yale ya juani, mzee akarudi kulia, na mimi nikaeleza kama kawaida.

Siku hiyo nilimwona Ilunga nje ya ua. Alisimama kidogo, akasikiliza, akaenda zake. Nikasema moyoni, anapita tu.

Jumatatu alipanda treni. Tukasikia yuko Manono.

Ikapita miaka kumi na minne. Léonie nilimuoa. Mwaka 1988 mjomba wake alifariki Manono, tukaenda matanga. Barabarani nikaona fundi wa baiskeli ameinama, nywele zimeingia mvi. Kabla sijafika, mteja akamwita:

"Papa Mbiombio, mnyororo wangu tayari?"

Jina nililompa lilikuwa limemfuata mpaka kule.

Alinijua mara moja. Akafurahi, akanipa kigoda, akauliza habari za Kalemie. Nikakusanya moyo, nikaanza, "Ilunga, ule wimbo wa farasi..."

Akanikatiza, bila hasira. "Yale mawe yalikufikia?"

"Mawe gani?" Mnaona? Hata pale mdomo ulikimbilia uongo.

"Sita. Nilitoa saa yangu ya mkono kwa Pascasie ayalete kutoka Kigoma. Nikasema, Félicien akisikia mwenyewe, atakuja. Jumapili nikapita kwako. Nikasikia wimbo bado unajikokota. Nikasema labda hayakufika. Nikamuuliza Pascasie." Akazungusha gurudumu, akaliangalia. "Yalifika."

Nililia mbele ya wateja wake. Nikaomba samahani.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini wale wa uani hawajui."

Mpaka leo sijawaambia. Mama Hortense amekufa, Pascasie amekufa, Ilunga tulimzika mbali na wale wa uani. Na mnajua kinachonichoma zaidi? Ule wimbo ukienda mbio siupendi. Ninaupenda ule wa mawe mabovu, na siwezi kuusikia bila kumwona amesimama nje ya ua.

Ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, usiende kumwomba samahani gizani. Irudishe pale pale ulipoivunja, wakati bado wapo wa kusikia. Mimi nimechelewa, nimebaki na ninyi.

Basi sikieni ninyi: wimbo unaenda mbio. Ilunga alisema kweli.