Kidonda cha Mtu Mwingine

Wivu sikuhadithiwa. Nimeula na kuulala mwezi mzima na siku zake juu, na muda wote huo watu walikuwa wakinisifu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kwetu kando ya njia iendayo Ikungi, mwaka ambao uwele ulikubali vizuri. Nilikuwa natoka shamba peke yangu, jua lingali juu, jembe begani. Mwanamume mmoja wa kijiji cha pili, mtu mzima mwenye heshima zake ambaye siku zote nilimwamkia shikamoo, alitoka kichakani akanikamata kwa nyuma, akaniziba mdomo. Sikufikiri. Nilizungusha jembe. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili likampasua kichwa, akaanguka analia mama yangu, mama yangu. Mimi nikakimbia hadi nyumbani, nguo zimechanwa na miiba.

Barazani jumbe alinipa haki mbele ya wanaume wote. Mume wangu akatembea kifua mbele, ungedhani jembe alilishika yeye. Lakini mila haikuuliza nani mwenye haki. Kwetu wakati ule, mkono uliomwaga damu ya mtu haugusi maziwa, haugusi unga, wala haumlishi mtoto, mpaka kidonda cha yule mtu kifunge. Ndipo kondoo achinjwe, mkono uoshwe. Nikatengewa kibanda nyuma ya nyumba yetu ya tembe, na kibuyu changu peke yangu.

Na jiko langu je? Akapewa mke mwenzangu.

Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, binti mkimya, shingo ndefu. Tangu aje, akigusa chombo changu tu nilimfokea. Sasa mwiko wangu uko mkononi mwake. Ng'ombe wangu mwekundu, niliyemlea tangu ndama, anamkamua yeye. Binti yangu wa miaka mitatu analishwa na yeye. Nilikaa mlangoni nikamsikia mume wangu anacheka akila mlenda wake, nikajiuliza, mlenda gani huo wa kumchekesha mtu? Wangu aliula kimya kama yuko msibani!

Siku za kwanza ng'ombe alimgomea. Alipiga teke kibuyu, maziwa yote chini. Loo, nilifurahi! Mungu anisamehe, mwanangu alilala bila maziwa nami nilifurahi.

Wageni walikuja kunipa pole, kisha wakataka niwaonyeshe nilivyozungusha jembe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawakujua kwamba mbuzi akikohoa nyuma yangu naruka, wala kwamba harufu ya tumbaku, ile ya kiganja cha yule mwanamume, ilinitapisha. Hata hayo sikupata nafasi ya kuyalia, maana moyo wote ulikuwa jikoni. Kila asubuhi nilimuuliza mume wangu neno moja, "Kimefunga?" Naye akajibu, "Bado kinatoa maji." Jamani! Nikawa namwombea afya mtu aliyenivamia, ili nirudi kwenye mafiga yangu.

Kisha jirani akaja kunipasha habari. Amemsikia mke mwenzangu kisimani, anaomba peke yake, "Mungu, kidonda kile kisifunge." Sikushangaa hata kidogo. Ningekuwa yeye, nami ningeomba hivyo hivyo.

Kesho yake nikaona kaniki yangu haipo uani nilipoianika. Kuchungulia zizini, nikamwona ameivaa yeye, amechuchumaa chini ya ng'ombe wangu, na ng'ombe ametulia, maziwa yanaingia kibuyuni. Binti yangu ameshika pindo la kaniki. Basi hata harufu yangu kaichukua! Nikatoka kibandani, mila au si mila.

"Mwizi wewe! Umechukua mume, umechukua mtoto, sasa unanivaa na mimi mwenyewe? Na kisimani unaomba kidonda kisifunge, ili uzeekee jikoni kwangu! Kataa kama hukusema!"

Aliweka kibuyu chini, mbali na mkono wangu. Akamwambia mtoto aende ndani.

"Kaniki nimeivaa ili ng'ombe akubali, mtoto anywe," alisema. "Na la kisimani nilisema, dada. Kisifunge. Kioze."

"Unasemaje?"

"Mimi alinikamata kabla yako. Kiangazi kilichopita, njia ya kisimani."

Hakulia. Alikuwa akiutazama mkono wangu wa kulia, mkono huu uliokatazwa maziwa, kwa jicho nililolijua vizuri, maana ndilo nililomtazama nalo yeye siku zote zile. Alikuwa ananionea wivu.

"Wewe ulikuwa na jembe," alisema. "Mimi nilikuwa na mtungi kichwani, umejaa maji. Nikaushika kwa mikono miwili, dada, usivunjike. Nikaushika mpaka alipomaliza."

Ng'ombe aligeuza kichwa akamnusa, akaninusa na mimi.

Mtungi ule ulikuwa wangu. Nilimwazima mwenyewe, na siku ile nilipompa nilimwambia mbele ya watu kwamba akiuvunja asirudi nyumbani.