Nyasi za Kando ya Boma la Noah

Kama uliwahi kuishi kule kwetu, juu ya Roret, kabla josho halijakauka, basi ulimjua Noah hata kama hukutaka kumjua. Alikuwa mwogeshaji wa ng'ombe na mlinzi wa kizuizi, kazi mbili kwa mtu mmoja, na zote alizifanya bila kumwonea mtu haya. Alhamisi yuko joshoni. Siku nyingine zote yuko darajani, kando ya gogo lililolazwa barabarani, na hakuna ng'ombe wa kutoka Trans Mara aliyepita pale bila barua ya afisa wa mifugo. Huna barua, unarudi. Umekuja na salamu za chifu, unarudi. Unalia, basi utalia ukiwa unarudi.

Watu walimsema sana. Mimi sitamsafisha, lakini haki yake nitampa: sababu alikuwa nayo. Ng'ombe wetu huku kwenye chai ni wa gredi. Yule wa kienyeji wa huko chini amezaliwa na kupe, amekua na kupe, anawabeba masikioni na bado ananenepa. Huyu wetu akiumwa na wachache tu, tezi za chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, pumzi inakuwa ya kutafutwa, povu linatoka puani, na wiki mbili hazipiti kabla hujachimba shimo. Hiyo ndiyo ndigana. Ilipomaliza ng'ombe tisa wa baba yake, aliyechimba mashimo yote tisa ni Noah. Tangu siku hiyo akachukia kupe kuliko alivyomchukia shetani, na alikuwa mtu wa kanisa.

Sasa, mwaka wa tisini na tatu, Tecla akaja darajani. Huyu Tecla ni jirani yake Noah, mjane, mama yake Kipkorir. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Rosi, mweusi wa madoa meupe, aliyefungiwa bandani na kuletewa kila kitu mdomoni, na maziwa ya Rosi ndiyo yaliyomweka Kipkorir sekondari. Kaka yake aliyehamia Trans Mara alikuwa amempa ndama jike, na Tecla alitembea naye siku mbili. Barua hakuwa nayo, maana afisa wa huko alikuwa safarini. Noah akamkatalia. Tecla akaomba amfunge hapo darajani mpaka barua ipatikane. Akamkatalia hilo pia. Tecla akakaa chini kwenye jiwe, akavua viatu, akavivaa tena, akasimama.

"Kama ni sheria ya wote, Mzee, mimi sina neno," akasema, akamgeuza ndama wake.

Maneno yale yalimkaa Noah moyoni. Angetukanwa angelala vizuri. Wiki iliyofuata akamwita Tecla, akamwambia awe anakata nyasi kando ya boma lake, kule upande wa mto, kwa sababu yeye shamba lake lote lilikuwa chai na Rosi alikuwa akihangaikiwa chakula. Akamwambia nyasi zile ni safi, hajawahi kuzikanyaga ng'ombe mgeni hata mmoja. Tecla akashukuru mno. Kila asubuhi akawa anakuja na mundu na kamba, na Noah akimwona amejitwika mzigo wake anajisikia mtu mwema. Na alikuwa mtu mwema, tusibishane.

Halafu binti yake Chelangat akaolewa huko huko Trans Mara. Machi mwaka uliofuata wazee wa upande wa mume wakaleta mahari, ng'ombe sita, Jumamosi mchana, Noah akiwa nyumbani amevaa suti. Akaitwa darajani. Akawakuta wakwe wamesimama mbele ya gogo na fimbo zao, wametulia, wakingoja mwenyewe aje kuwakaribisha. Akauliza barua kwa sauti ya chini. Mkwe mkubwa akacheka, akidhani ni utani wa kuwakaribisha wageni.

Johana, kaka yake Noah, mwenyekiti wa kamati ya josho, akamvuta pembeni. Akamwambia ng'ombe wa mahari hageuzwi njiani, akigeuzwa ndoa nayo imegeuka. Noah akasihi basi angalau wapitishwe joshoni kwanza, ni hatua mia mbili tu. Johana akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Uwachovye ng'ombe wa mahari kwenye dawa, wakwe wakiwa wamesimama wanaangalia? Si ni kuwaambia wametuletea uchafu? Wataondoka nao sasa hivi, na Chelangat atabaki na aibu hiyo mpaka azeeke.

Noah akainua gogo.

Jioni yote wakwe walikunywa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, sebuleni, na wale ng'ombe sita wakalishwa kando ya boma, upande wa mto. Alfajiri ya Jumapili, kabla ya kanisa, Noah aliwaogesha peke yake, akawatoa kupe masikioni kwa vidole. Lakini yeye ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote wa kata ile kwamba kupe aliyeshiba hudondoka. Hafi. Hujificha chini kwenye mashina ya nyasi, anajivua ngozi, na baada ya mwezi hivi anapanda tena juu akiwa na njaa. Akaanza kuhesabu siku.

Na Tecla akaendelea kuja na mundu wake.

Neno moja lingetosha. Mama Kipkorir, usikate hapa tena. Alikuwa nalo mdomoni kila asubuhi. Lakini Tecla angeuliza kwa nini, na kwa nini yenyewe ilikuwa imesimama bomani, ng'ombe sita, ikicheua. Basi Noah anamsalimu, anamuuliza habari za Kipkorir shuleni, Tecla anajitwika mzigo, anakwenda zake. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Pale darajani, na wakwe wote wale, hata mimi ningeinua. Lakini asubuhi arobaini, jamani! Mtu mzima na ulimi wake.

Mwezi wa tano Rosi akaacha kula. Tecla alikimbilia kwa Noah kabla ya mtu mwingine yeyote. Noah akapapasa chini ya sikio, akakuta tezi imejaa mkono, akamwambia aende Kericho upesi atafute dawa. Dawa ilipatikana siku ya tatu, povu likiwa limeshatoka. Jumanne Rosi akafa. Kipkorir alirudi kutoka shuleni kuchimba shimo, na hakurudi tena shuleni. Mpaka leo anachuma chai ya watu.

Alhamisi kamati ikakaa pale joshoni, kwa sababu ndigana ikiingia boma moja kila mtu anaogopa la kwake. Johana akasimama. Akasema Rosi hakuwa akitoka bandani, kwa hiyo hao kupe waliletwa; wale sita wa mahari hakuwataja. Akasema kila mtu anajua Tecla ana kaka Trans Mara, na kila mtu anajua kulikuwa na ndama. Nani anajua kama hakumvusha usiku na kumficha? Minong'ono ikapita. Wengine wakaanza kusogea mbali naye.

Tecla alikuwa ameketi nyasini na kina mama. Hakujitetea. Alimgeukia Noah tu, kwa utulivu, kama mtu mwenye shahidi wake, maana aliyemwona ndama yule akirudi alikotoka alikuwa Noah peke yake.

"Noah," Johana akasema, "huyo ndama alipita au hakupita?"

Noah alikohoa. Akaangalia maji ya josho.

"Usiku mimi huwa nimelala," akasema.

Tecla akainuka taratibu, akakung'uta nguo.

"Mimi wangu nilimrudisha, Mzee," akamwambia, na akaondoka. Hapo ndipo Noah alipojua kwamba Tecla anajua, na kwamba pengine alijua tangu siku Rosi alipougua.

Saa kumi alasiri alifika bomani kwa Noah amejitwika mzigo wa nyasi, ule aliokata siku ya mwisho, ambao Rosi hakuugusa. Ulikuwa umeanza kukauka. Akaushusha langoni, akafungua kamba yake, akaiviringa mkononi.

"Hizi ni zako," akasema. "Zilibaki."

Noah alitaka kusema neno. Alipolipata, Tecla alikuwa ameshafika barabarani, na wale ng'ombe sita wa mahari walikuwa wamekuja langoni, wanono, ngozi zinang'aa, wametoa vichwa juu ya fito. Wakazila nyasi zile zote, yeye amesimama anaangalia.